Kijiti, Kivuli na Kibla

Simu ilizima nikiwa Kawangware, naenda kwa shosho Kibera. Nikasimamisha kijiti juani, nikaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Baada ya robo saa, nikaweka cha pili. Cha kwanza magharibi, cha pili mashariki. Kibera iko kusini-mashariki, basi nikashika njia.

Ujuzi huu ni wa kale. Wanubi, askari wa King's African Rifles waliopewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, walihitaji kibla ili waswali, na kutoka Nairobi Makka iko kaskazini. Lakini kwenye ramani za umma, mtaa ulibaki doa tupu hadi 2009, vijana wa Map Kibera walipouchora kwa GPS.

Shosho alicheka. Miaka yote hiyo ya doa tupu, yeye hakupotea hata siku moja.