Sheria Ndogo Ina Mzazi: Namna ya Kuisoma Sheria ya Jiji la Nairobi



Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe: popote apitapo huonekana. Wewe unayejifunza Kiswahili kwa ajili ya masomo, kazi au biashara, huenda siku moja ukafika Nairobi, jiji la jirani zetu. Utatandika bidhaa zako kando ya barabara, au utasimama mahali usipodhani pana katazo, na askari wa jiji atakuambia kwamba umevunja sheria. Ukiuliza ni sheria ipi, yumkini mpita njia atakujibu kwa neno moja tu: kanjo. Neno hilo la mitaani lilitokana na jina la Kiingereza la baraza la jiji. Baraza lenyewe halipo tena, lakini neno lingali hai, na hofu iliyofungamana nalo ingali hai pia.

Makala haya yanakusudia kukupa swali moja la kwenda nalo: sheria hii mzazi wake ni nani?

Sheria kuu hutungwa na Bunge. Sheria ndogo hutungwa na mamlaka ya mji, kwa uwezo ambao mamlaka hiyo imepewa na sheria iliyo juu yake. Sheria ndogo haijizai. Ukitaka kujua nguvu yake na mipaka yake, mtafute aliyeizaa. Historia ya Nairobi inalieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu cha sheria.

Mji uliopimwa kutoka ofisini

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka uliofuata, 1900, zikatangazwa kanuni za kwanza za mji. Mpaka wa mji uliwekwa kwa njia rahisi mno: mji ni eneo lote lililomo ndani ya maili moja na nusu kutoka ofisi ya mtawala wa mkoa wa Ukamba. Tafakari maana yake. Hakuna mkazi aliyeulizwa. Sheria ilizaliwa ofisini, na mji wenyewe ukapimwa kutoka katika ofisi hiyo hiyo.

Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi. Daktari wa serikali aliamuru watu waondolewe na soko zima likateketezwa kwa moto. Tangu hapo afya ikawa hoja kuu ya kuwapangia watu mahali pa kuishi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza hali ya afya katika nchi iliyoitwa baadaye Kenya, na katika Uganda, pamoja na Zanzibar. Alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watenganishwe katika maeneo yao mbalimbali. Angalia jinsi neno zuri kama "usafi" lilivyoweza kubeba katazo zito. Kwa hiyo, unaposoma sheria ya mji, usitazame tu kile kinachokatazwa. Tazama pia anayekatazwa.

Nairobi ilipata baraza la manispaa mwaka 1919, na tarehe 30 Machi 1950 ikapewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Wengine walishangilia. Chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh kiliwataka watu wazisusie sherehe hizo. Jiji lilikuwa linapandishwa cheo ilhali wengi waliolijenga hawakuwa na sauti katika kulitawala.

Mzazi anapobadilika

Baada ya uhuru, sheria ndogo za Nairobi zilitungwa na baraza la jiji chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, nazo zilihitaji idhini ya waziri. Zilizozungumzwa sana ni zile za mwaka 2007 kuhusu kero za jumla. Zilikataza, pamoja na mengine, kutema mate ovyo na hata kupenga kamasi hadharani bila kitambaa. Watu walicheka, lakini mchuuzi aliyekamatwa kwa sheria za jiji hakuwa na la kumchekesha.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Nchi iligawanywa katika kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Sheria ya Serikali za Mitaa ikafutwa. Mahali pa baraza la jiji pakachukuliwa na serikali ya kaunti na bunge lake, ambalo wajumbe wake wengi huchaguliwa na wakazi katika wadi 85. Na zile sheria ndogo za zamani? Jedwali la Sita la Katiba liliruhusu sheria zilizokuwapo ziendelee kutumika, mradi zisomwe kwa namna inayopatana na Katiba. Mtoto alibaki, lakini alipata mlezi mpya mwenye masharti makali.

Namna ya kuisoma

Sasa chukua sheria yoyote ya kaunti. Nyingi hupatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, ambako pia huwekwa Gazeti Rasmi la Serikali. Anza na jina na mwaka, kwa maana huenda sheria unayotajiwa imekwisha kurekebishwa au kufutwa. Pili, tafuta uwezo uliotumika kuitunga. Huyo ndiye mzazi. Tatu, hakikisha imechapishwa gazetini. Ibara ya 199 ya Katiba inasema wazi kwamba sheria ya kaunti haianzi kutumika kabla ya kuchapishwa humo.

Nne, soma sehemu ya ufafanuzi wa maneno kabla ya kusoma makatazo. Wanafunzi wengi huiruka, na hapo ndipo hupotea. Neno kama "mchuuzi" au "mahali pa umma" laweza kuwa na maana pana au finyu kuliko ile uliyoizoea. Tano, tenganisha kosa na adhabu: mara nyingi kosa hutajwa mapema na adhabu huwekwa mwishoni. Sita, ukidaiwa ada, tafuta jedwali la ada. Kaunti hutunga sheria ya fedha ili kupanga ada zake, na Ibara ya 210 hairuhusu kodi wala ada ya leseni kutozwa pasipo sheria.

Usidhani kwamba haya ni ya mawakili peke yao. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013 ya Kaunti ya Kiambu, jirani ya Nairobi, baada ya wananchi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo katika kuitunga. Mahakama ilikubali kwamba ushirikishwaji wa umma si pambo. Mwaka 1900 ofisi moja ilitosha kuuwekea mji sheria. Mwaka 2014 bunge zima la kaunti halikutosha bila wananchi. Huo ndio urefu wa safari.

Lugha yako ni haki yako

Limebaki jambo linalokuhusu wewe hasa, mwanafunzi wa Kiswahili. Sheria nyingi za Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, Ibara ya 49 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo jifunze sentensi hii mpaka ikutoke bila kigugumizi, na uiseme kwa adabu, bila kupandisha sauti: "Samahani, afande, naomba unieleze ni sheria gani, na ni kifungu gani."

Huenda usijibiwe vizuri. Lakini aulizaye kwa jina la sheria si sawa na aombaye huruma. Yule wa kwanza anasimama kama mtu mwenye haki, hata akiwa mgeni.

Zoezi: tafuta sheria moja ndogo ya mji unamoishi. Andika aya moja kwa Kiswahili ukieleza mzazi wake ni nani, inamkataza nani, na ni nani aliyeulizwa kabla haijatungwa. Swali la tatu ndilo gumu, usiliruke.