Mchanga wa Kunduchi
Hoteli ya Africana, pale Kunduchi, ililiwa na bahari kabla sijazaliwa. Nataka kujua ilikuwaje, kwa hiyo usiku, chumbani Kawe, naendesha SWAN, programu ya kukokotoa mawimbi iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi. Unaipa upepo na kina cha bahari, inakupa urefu wa wimbi linapokaribia ufukwe. Hesabu hizi zilikomaa vitani: Harald Sverdrup na Walter Munk walibuni utabiri wa mawimbi uliosaidia majeshi kutua Normandy, Juni 1944. Siku hizi wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao husoma jamaa zake kwenye simu kabla ya kunywa chai.

Mawimbi yangu yametoka vizuri. Tatizo ni mchanga. Kusi inapovuma huusukuma kuelekea kaskazini, na unaofidia ule uliohama huletwa na mito kama Mbezi na Tegeta. Humohumo malori yamechota miaka mingi, jiji lijengwe. Hata kuta za chumba hiki ninachopanga ni mchanga, nami sijawahi kumuuliza mwenye nyumba aliununua wapi. Kwenye data zangu hakuna safu ya malori.