Mbwa na Mwenyeji Wake

Msomaji, bila shaka umelikuta jina la Lokitaung katika vitabu vya historia. Katika mwaka 1953 Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria walipelekwa huko kufungwa, mbali na jamaa zao, katika vilima vikavu vya kaskazini mwa Turkana. Na Kenyatta alikaa huko hata mwaka 1959, alipohamishiwa Lodwar. Historia ya watu wakubwa ina wasimulizi wengi. Leo nataka kukusimulia habari za kiumbe asiye na msimulizi, ambaye ukifika Lokitaung utamwona amejilaza kivulini kando ya boma la mbuzi. Kiumbe huyo ni mbwa.

Huenda wewe mwenyewe umewahi kuokota mtoto wa mbwa njiani, ukamfunika kwa shati lako, ukamleta nyumbani na kusihi akubaliwe. Kama ndivyo, umefanya tendo la kale sana. Katika mwaka 1914 wavunja mawe wa Oberkassel, karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, walifukua kaburi lenye umri wa miaka 14,000 hivi. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa. Wataalamu walipoyachunguza tena meno ya mbwa yule, waliandika katika mwaka 2018 kwamba alikufa akiwa na umri wa miezi 7 hivi, na kwamba kabla ya kufa aliugua sana zaidi ya mara moja. Mtoto wa mbwa mgonjwa hawezi kuwinda wala kulinda. Kama asingalipewa maji, chakula na joto, asingaliishi wiki zile. Basi palikuwa na mtu aliyemwuguza bila kutumaini faida.

Huruma, basi, ni ya kale. Walakini huruma peke yake haitoshi, na historia yatuonyesha sababu zake. Amchukuaye mbwa hamchukui yeye tu. Huchukua pamoja naye kazi ya mababu zake, na hatari zake pia.

Tuanze na kazi. Katika miji ya nchi za baridi, watu wengi hawanunui mbwa, bali huenda katika makao ya mbwa walioachwa, wakachagua mmoja. Desturi hii ilipata nguvu London katika mwaka 1860, mwanamke aitwaye Mary Tealby alipofungua nyumba ya mbwa waliopotea wenye njaa. Magazeti yalimcheka, lakini nyumba ile haikufa. Ilihamia Battersea katika mwaka 1871, na ingali ikifanya kazi hata leo.

Miongoni mwa mbwa wanaopatikana katika makao kama hayo ni spanieli, mwenye masikio marefu yaliyoning'inia na macho ya kubembeleza. Mtu humwona, akampenda, akamchukua. Baada ya siku chache huanza kulalamika: mbwa hatulii, atafuna viatu, apasua mito, alia mlangoni. Mwenyeji hudhani amepewa mbwa mwovu. Laiti angalijua historia! Mganga Mwingereza John Caius, aliyeandika kitabu juu ya mbwa wa nchi yake katika mwaka 1570, alikwisha kuwataja spanieli wa nchi kavu na wa majini kuwa mbwa wa kuwinda ndege. Kazi yao ilikuwa kupenya vichakani mbele ya msasi na kuwafurusha ndege waliojificha, kutwa nzima. Kwa karne nyingi watu waliwazalisha wale wasiochoka. Nguvu iliyotafutwa kwa bidii namna hiyo haiwezi kuzimwa kwa kufungiwa chumbani wakati wa theluji.

Wahenga wetu wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la spanieli ni matembezi marefu asubuhi na jioni, hata barabara ikiwa imeganda, na michezo ya kutafuta kitu kilichofichwa. Akilikosa jembe hilo, mara nyingi hurudishwa alikotoka, na kosa huandikwa juu yake, si juu ya mwenyeji.

Sasa tutazame upande wa pili. Wako mbwa wenye kazi ya kutosha ambao hawakutunzwa, na hapo waliodhurika walikuwa watu. Katika Aislandi, kisiwa cha baridi kali, kila mfugaji wa kondoo alikuwa na mbwa, na watu wengi waliugua uvimbe mkubwa tumboni. Katika mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alipasua mbwa 100 wa kisiwa kile, akaona katika 28 tegu mdogo sana, ambaye urefu wake haufiki sentimita 1. Mbwa humpata tegu huyu kwa kula ini au mapafu mabichi ya mnyama mwenye vifuko vya maji. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaingia katika majani, maji na mikono. Na mtu akiyameza, kifuko huota ndani ya mwili wake na kukua polepole kwa miaka mingi. Krabbe aliandika kijitabu kuwafunza wenyeji, sheria zikafuata, na katika mwaka 1924 mji wa Reykjavík ulipiga marufuku kufuga mbwa. Marufuku hiyo haikulegezwa hata mwaka 1984.

Ugonjwa huo huo ulikuwa umekaa Turkana. Huko mbwa hulinda boma usiku dhidi ya fisi na wezi. Tena katika maboma mengi alikuwa kama yaya, akimsafisha mtoto mchanga kwa ulimi wake. Usicheke, msomaji. Mahali ambapo maji huchotwa katika mchanga wa mto mkavu, mwendo mrefu kutoka nyumbani, mama ana haki ya kuyaweka kwa kunywa. Walakini kwa njia hiyo Turkana ikawa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Katika mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuuzuia ugonjwa huo kaskazini-magharibi mwa Turkana. Wagonjwa walitafutwa na kutibiwa, wengine kwa kupasuliwa; watu walifundishwa; mbwa walipewa dawa ya tegu, na mbwa waliozidi au wasio na wenyewe waliuawa.

Yafikiri maneno hayo ya mwisho. Mbwa yule hakujua kama amebeba tegu. Ini lile bichi alitupiwa na mkono wa mtu, siku ya kuchinja, kama ujira wa kulinda kwake. Aliuawa kwa kula alichopewa.

Basi ukiokota mtoto wa mbwa Lokitaung, au Mombasa, au katika mji wa theluji, mchukue, lakini mchukue kwa elimu. Mpe kazi inayofaa asili yake. Mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa, apewe na dawa ya tegu kwa wakati wake. Siku ya kuchinja, ini lenye vifuko lichome moto au ulifukie mbali chini. Nawa mikono kabla ya kula, hata kama maji ni kidogo.

Mtu wa Oberkassel hakuwa na dawa wala kitabu, akafanya alichoweza, na mbwa wake akafa. Wewe umepewa vyote viwili. Huruma yake ulikuwa nayo tangu siku uliyomfunika yule mtoto wa mbwa kwa shati lako. Iliyobaki ni kazi.