Chini ya Jumba la Muziki: Vijana, Zege na Haki ya Kucheza Mjini



Safari hii naomba tuzungumze michezo, lakini si mpira wa miguu. Wengi wetu tuliowahi kuishi London, au kufika kutembea, tumepita ukingo wa kusini wa Mto Thames, karibu na steshini ya Waterloo. Pale, chini ya jumba kubwa la zege, wapo vijana wanaoteleza na kuruka juu ya skeitibodi, yaani ule ubao wenye magurudumu manne. Kuta zimejaa michoro ya rangi na kelele za magurudumu zinasikika mbali. Wazee wenzangu wakipita pale husema ni uhuni, wakavuta mikono ya watoto wao na kwenda zao.

Mimi ni mhandisi, na zege ndiyo riziki yangu. Nimeona niwaeleze historia ya mahali pale, kwa sababu ndani yake mna funzo kubwa kuhusu namna miji inavyopangiwa sehemu za kuchezea, na nani husikilizwa wakati wa kupanga. Funzo hilo linatuhusu sisi tulio ugenini, na linawahusu ndugu zetu nyumbani vilevile.

Jumba lilivyojengwa

Ukingo ule uliharibika sana wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1951 serikali ilifanya pale tamasha la taifa, ili watu waliochoshwa na vita na ukali wa maisha wapate kufurahi. Katika majumba ya tamasha hilo lililobaki la kudumu ni Royal Festival Hall. Miaka ya 1960 wasanifu wa baraza la jiji walichora majumba mengine kando yake: Queen Elizabeth Hall, lililofunguliwa mwaka 1967 kwa ajili ya muziki, na Hayward Gallery, jumba la maonyesho ya sanaa, mwaka 1968.

Wasanifu wale walikuwa vijana wenye fikra mpya. Zege waliliacha wazi bila ya kulipaka rangi wala kulifunika, na ukilitazama kwa karibu utaona alama za mbao zilizotumika kulimwagia, mpaka mishipa ya mti inaonekana. Pia waliamini, kama walivyoamini wapanga miji wengi wa zama zile, kwamba waendao kwa miguu watengwe na magari. Kwa hiyo walijenga njia za juu za kupita watu, na majumba wakayainua. Chini ikabaki nafasi kubwa yenye paa, nguzo nene zenye vichwa vipana kama uyoga, sakafu laini, na miteremko ya zege pembeni.

Nafasi hiyo haikupewa kazi maalumu. Haikuwa duka, wala ghala, wala ukumbi. Ilikuwa ni pahala pa kupita tu, na kwa miaka michache haikuvutia watu wengi.

Magurudumu mapya

Huko California, Marekani, watoto wa pwani walikuwa wamekwisha kuvumbua mchezo wa kuteleza nchi kavu siku ambazo bahari haina mawimbi. Katika miaka ya 1960 magurudumu yao yalikuwa ya mchanganyiko mgumu ulioitwa udongo au ya chuma. Yalikuwa magumu na yenye kuteleza ovyo, na kijiwe kidogo tu kilitosha kumwangusha mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja, Frank Nasworthy, alianza kuuza magurudumu ya plastiki laini iitwayo poliurethini. Magurudumu haya hushika sakafu, na yakikutana na kijiwe hubonyea badala ya kukwama. Kwa badiliko hilo moja la kiufundi mchezo ukaenea duniani.

Ulipofika London, vijana walitafuta mahali penye sakafu laini, mteremko, na paa la kuwakinga na mvua. Kila aliyeishi Uingereza anajua kwamba hilo la tatu si dogo. Tangu mwaka 1973 hivi walianza kukusanyika chini ya Queen Elizabeth Hall. Hakuna mhandisi aliyewachorea. Kile mchoraji alichokiona kuwa ni mteremko wa pembeni, wao walikiona kuwa ni wimbi la bahari.

Wale tuliokulia Unguja hatuna haja ya kushangaa. Ukuta wa Forodhani umejengwa kuzuia bahari isile nchi kavu, lakini watoto wa mji wameufanya jukwaa la kuchupia majini. Bustani ilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, watoto waliendelea kuchupa kama kawaida. Mchoro wa mhandisi huanzisha kazi tu, na watumiaji ndio wanaoimaliza.

Viwanja vya biashara

Wafanyabiashara nao waliona fursa. Baina ya 1977 na 1978 vilijengwa Uingereza viwanja vingi vya skeitibodi vya kulipia. Kitaalamu kazi ile si nyepesi. Bakuli la zege linataka mviringo ulio sawa kutoka sakafuni mpaka ukingoni, uso uliosuguliwa ukawa laini, maungio yasiyoshikwa na gurudumu, na njia ya maji ya mvua kutoka. Zege la kawaida humiminwa likatulia, lakini la bakuli hurushwa kwa bomba juu ya nondo zilizokunjwa, kisha mafundi hulichonga kwa mkono kabla halijakauka.

Homa ya mchezo ilipopoa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengi wa wenye viwanja walishindwa kuviendesha. Vingi vilifungwa na kuvunjwa. Kimojawapo kilichosalimika ni The Rom, huko Hornchurch, mashariki ya London, kilichojengwa mwaka 1978. Mwaka 2014 serikali ilikiandikisha katika orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa kisheria, na kikawa uwanja wa kwanza wa skeitibodi barani Ulaya kupata heshima hiyo.

Tazameni ajabu hii. Viwanja vingi vilivyopangwa na kugharimiwa vilikufa, na pahala pasipopangwa na mtu pakaendelea kuishi. Sababu zake mhandisi anaweza kuzihesabu kwa vidole: hapana kiingilio, pana paa, steshini ipo karibu kwa mtoto anayetoka mtaa wowote wa jiji, na wapita njia ni wengi, kwa hiyo mtoto hachezi kichochoroni peke yake. Tena hapana ratiba ya wakubwa. Ni pahala pa mtoto wa tajiri na wa maskini, mweupe na mweusi, na mkubwa humfundisha mdogo bila ya kulipwa.

Mpango wa mwaka 2013

Si kwamba vijana waliachiwa raha mustarehe. Zilikuwapo nyakati walinzi walikuwa wakiwafukuza, na katikati ya miaka ya 2000 sehemu kubwa ya nafasi yao ilifungwa. Lakini mtihani wenyewe ulikuja Machi 2013. Southbank Centre, taasisi inayosimamia majumba yale, ilitangaza mpango wa pauni milioni 120 wa kuyakarabati na kuyapanua. Ili kupata fedha, nafasi ya chini ingegeuzwa maduka na mikahawa. Vijana wangejengewa uwanja mpya hatua chache tu kutoka hapo, chini ya daraja la Hungerford.

Tuwe waadilifu katika kuhukumu. Taasisi ile haikuwa na nia mbaya. Majumba yalikuwa yamechakaa, fedha za serikali hazikutosha, na mpango ulikuwa na sehemu za kufundishia watoto muziki na sanaa. Tena vijana hawakuambiwa waondoke mikono mitupu. Kwa hesabu ya karatasini, walikuwa wanapewa uwanja badala ya uwanja.

Vijana walikataa. Waliunda umoja wao, Long Live Southbank, wakaweka meza palepale wanapochezea, na kila mpita njia wakamwomba saini. Hoja yao ilikuwa kwamba unaweza kupima mteremko kwa digrii ukaujenga kwengine, lakini huwezi kuihamisha miaka 40 ya watu. Mimi kama mhandisi naikubali hoja hiyo bila ya kusita. Zege tunajua kulinakili. Mazoea ya watu hayana kipimo katika vitabu vyetu, na kwa sababu hayana kipimo sisi wataalamu hupenda kujifanya kuwa hayapo.

Walivyoitumia sheria

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asikilize khasa, kwa sababu vijana wale hawakuishia kwenye kelele. Kwanza, mwezi Mei 2013 walifanikiwa kuliandikisha eneo lao katika halmashauri ya Lambeth kuwa ni mali yenye thamani kwa jamii, kwa sheria ya mwaka 2011. Pili, waliomba litambuliwe kuwa uwanja wa kijiji. Sheria hiyo ina asili ya zamani sana: wakaazi wakitumia ardhi kwa michezo kwa miaka 20, bila ya kutumia nguvu, bila ya kujificha na bila ya kuomba ruhusa, wanaweza kuomba isajiliwe ili ilindwe. Iliwekwa kwa ajili ya malisho na viwanja vya majani vijijini, nao wakaipeleka kwenye zege katikati ya London! Tatu, walikusanya makumi ya maelfu ya barua za kupinga ombi la ujenzi, wakazipeleka halmashauri.

Januari 2014 aliyekuwa Meya wa London, Boris Johnson, alisema hadharani kwamba uwanja ubaki ulipo. Mwezi uliofuata mpango ukawekwa kando. Septemba 2014 pande mbili zilitia saini mapatano, kesi zilizokuwa mahakamani zikaondolewa, na eneo likahakikishiwa vijana kwa muda mrefu kupitia kifungu cha 106 cha sheria ya mipango miji ya mwaka 1990.

Hayakuishia hapo. Vijana na taasisi, waliokuwa mahasimu, walikaa pamoja kuchangisha fedha za kuifungua sehemu iliyokuwa imefungwa. Kazi ilichorwa na kampuni ileile ya wasanifu iliyochora mpango wa 2013, Feilden Clegg Bradley, na sehemu hiyo ikafunguliwa Julai 2019. Majumba nayo hayakuanguka kwa kukosa maduka. Yalikarabatiwa kwa mpango mdogo zaidi na yakafunguliwa tena mwaka 2018.

Na huku kwetu je?

Msije mkadhani haya ni mambo ya Wazungu tu. Nairobi, mwaka 1989, ilitaka kujengwa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mradi ulikuwa wa chama tawala na gazeti lake, kwa ubia na tajiri wa magazeti wa hapa London, Robert Maxwell. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kwa kila aliyehusika, ndani na nje ya nchi. Alitukanwa bungeni, na jumuiya yake ikatolewa katika ofisi zake. Mwishowe wenye fedha wakarudi nyuma na ghorofa halikujengwa. Yule mama alilipa gharama kubwa kuliko vijana wa Thames, kwa sababu hakuwa na halmashauri ya kupokea pingamizi lake kwa salama.

Na Kampala, katika mtaa wa Kitintale, vijana walijijengea wenyewe uwanja wa skeitibodi wa zege mwaka 2006. Hawakungoja kupangiwa.

Sasa tujitazame. Katika miji tunayoishi, halmashauri hubandika matangazo ya ujenzi kwenye nguzo za taa na kutuma barua majumbani. Barua zile wengi wetu huzitupa pamoja na vikaratasi vya matangazo ya piza. Halafu kiwanja walichokuwa wakicheza watoto wetu kikifungwa, tunakaa barazani kulalamika kwamba vijana hawana pa kwenda, wanaharibika. Uingereza, kupeleka maoni juu ya ombi la ujenzi hakuhitaji uraia, wala wakili, wala Kiingereza cha chuoni. Kunahitaji jina lako, anwani yako, na sababu yako iliyo wazi. Ofisa wa mipango hana njia ya kujua kwamba sisi tupo ikiwa hatukuandika.

Na tukiitwa kwenye mkutano wa kupanga uwanja, tusiende wazee peke yetu na kuomba nyasi na mabenchi. Twende na vijana wenyewe, waseme wanacheza nini, saa ngapi, na nani anawafukuza. Mtaalamu mwenye busara huenda kwanza kutazama watoto wamekwisha kuchagua wapi, ndipo akatoa kalamu yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiwanja usichokichezea hujui thamani yake.

Jumamosi moja, mkipata nafasi, wapelekeni watoto pale Waterloo. Wakiwauliza pahala hapa pamejengwa na nani, wajibuni kwamba pamejengwa mara mbili: mara ya kwanza na baraza la jiji, na mara ya pili na watoto kama wao.