Laini ya Data Garissa: Jina Kwanza, Bei Baadaye

Kampuni za simu kama Safaricom na Airtel huuza bando Garissa mjini, na mtu anaweza kulinganisha bei. Akielekea Hulugho au vijiji vya mpakani, kulinganisha hakuna maana: atanunua laini inayoshika. Al-Shabaab wamelipua minara mara kadhaa kaskazini mashariki, na mnara ukianguka eneo hubaki bila simu.

Kanuni za usajili wa laini zinadai kitambulisho. Miaka ya ukame, Wakenya wengi wa hapa waliandikishwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate mgao wa chakula. Walipokomaa wakaomba vitambulisho, alama za vidole zikawatambulisha kama wakimbizi, wakanyimwa. Basi asiye na kitambulisho hutumia laini ya shangazi au jirani. Kwa maoni yangu, hatari ya laini yenye jina la mtu mwingine inazidi tofauti yoyote iliyopo kati ya kampuni. Mwenye jina anaweza kuomba laini mpya ya namba ileile akaondoka nayo pamoja na pesa za M-Pesa. Naye akichunguzwa, safari na simu za mtu mwingine zitasomwa kama zake. Kwa hiyo mwenye kitambulisho apige *106# kwenye Safaricom, aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake, na ile asiyoitambua aombe ifungwe.

Kampuni yoyote itajua mnara uliokuhudumia, namba ulizopigia, saa na kiasi cha data. Ujumbe wa WhatsApp au Signal haiwezi kuusoma. Programu ya VPN huificha kampuni tovuti unayofungua, ila mwenye VPN huiona. VPN ya bure mara nyingi hujilipa kwa taarifa zako. Oktoba 2024 gazeti la Nation lilidai kuwa vyombo vya usalama hupata rekodi za wateja wa Safaricom kinyume cha taratibu, lakini kampuni ilikanusha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inabana kampuni zote sawa: unaweza kudai kuonyeshwa taarifa zako, kusahihishiwa, au kukataa matangazo. Kwa hiyo nafuu iko katika kugawa: pesa kwenye laini moja, intaneti kwenye laini ya kampuni nyingine, ili pasiwe na anayeona yote. Tangu 2011 unaweza pia kuhama na namba yako, ingawa kuhama hakufuti rekodi zilizobaki kwa kampuni ya zamani.