Injini ya Kuzunguka na Kiu ya Njia ya Tabora

Katikati ya karne ya 19, misafara iliyotoka Tabora kuelekea kaskazini, upande iliko Puge, ilitegemea mabega ya wapagazi. Mpelelezi Mwingereza Speke aliondoka Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, Julai 1858 na kuliona ziwa Nyanza, yaani Victoria, tarehe 3 Agosti. Safari ilipangwa kwa maji: leo kisima hiki, kesho kile. Injini zilipokuja, kiu hiyo haikuisha.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na garimoshi la mvuke nalo lilikunywa maji njiani. Wakati huo Ufaransa ilikwisha kuwa na injini isiyohitaji maji hata tone. Ndugu wawili wa ukoo wa Seguin waliunda Gnome, ambayo Henri Farman aliirusha Reims mwaka 1909. Silinda zake saba zilizunguka pamoja na propela, zikapozwa na upepo. Ililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, kwa kuwa petroli haiyayeyushi; mmea huohuo kwetu unajiotea kandokando ya njia. Lakini ilibidi ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa chache za kuruka, na Vita Kuu ilipokwisha mwaka 1918 enzi yake ilikuwa inafifia.

Zikashika nafasi injini kubwa za rejeta, zinazopozwa kwa maji, na Afrika ikazitia majaribuni. Februari 1920 ndege mbili aina ya Vickers Vimy zilikuwa safarini kwenda Rasi, Afrika Kusini. Ile ya marubani van Ryneveld na Brand ilivuja rejeta, ikaanguka Korosko, Misri. Injini zake ziliokolewa, zikafungwa kwenye Vimy nyingine, na safari ikaendelea hadi Bulawayo, ambako nayo ilishindwa kupaa. Ya pili, iliyodhaminiwa na gazeti la Times, iliishia Tabora tarehe 27 Februari. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi na jua ni kali, kwa hiyo injini hutoa nguvu pungufu saa ileile ndege inapoihitaji zaidi. Kwangu mimi, uwanja wa ndege wa Tabora ulikuwa mtihani wa haki.

Wazo la injini ya kuzunguka lilirudi mwaka 1957, Ujerumani, injini ya Felix Wankel ilipounguruma katika kiwanda cha NSU. Hii inazunguka kwa namna nyingine: rota ya pembe tatu ndani ya nyumba yake, bila pistoni. Mazda waliiingiza kwenye gari la Cosmo mwaka 1967, na baadaye injini yao ya 13B, yenye rota mbili, ikapendwa na Wamarekani wanaojiundia ndege nyumbani. Wanainunua kuukuu, wanatoa boliti ndefu na kuitenganisha sahani kwa sahani. Sili sita za ncha za rota hubadilishwa, pamoja na mipira inayozuia maji yasipenye. Kisha hufungwa gia ya kupunguza kasi, maana propela haiwezi kufuata mizunguko 6,000 kwa dakika. Kazi inayowakosesha usingizi ni kupoza: rejeta ikae wapi, upepo uingilie wapi.

Leo lami inapita Puge kati ya Nzega na Tabora. Lori likichemsha, utingo hushuka na dumu la maji, akasubiri injini ipoe, akakunja kitambaa mara mbili, ndipo akaushika mfuniko wa rejeta na kuulegeza polepole.