Kwenu ni Wapi?

Umri wangu unakaribia miaka tisini. Nimeishi chini ya bendera tatu: ya Mwingereza, ya Tanganyika na ya Tanzania. Mengi nimeyasahau, lakini swali moja nililolisikia utotoni bado linanifuata.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi kutoka Poland waliletwa Tanganyika. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Kuanzia mwaka 1940 serikali ya Kisovieti iliwahamisha kwa nguvu hadi Siberia na kwingineko. Mwaka 1942 wakapitia Uajemi, ndipo wakafika Afrika Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Huku kwetu Njombe waliwekwa Kidugala.

Sisi watoto tulikwenda kuwatazama. Tulizoea Mzungu wa kutoa amri. Hawa walichota maji, walifua, na walilia.

Mama yangu aliwauzia mayai. Mnunuzi wake mmoja alikuwa bibi mwenye mvi. Siku moja kengele ya sala ililia, wenzake wakafanya ishara ya msalaba, yeye akatulia tu. Mama alipomwuliza, alijibu kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba yeye ni Myahudi. Mama alistaajabu, maana Wayahudi tuliwajua katika Biblia tu.

"Kwenu ni wapi, mama?"

"Kwetu hakuna tena."

Mama alidhani bibi yule hajui lugha. Kumbe alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Vita vilipokwisha, Poland ya mashariki ilikuwa imechukuliwa na Wasovieti, na Wayahudi wa Poland wapatao milioni 3 walikuwa wameuawa na utawala wa Hitler. Wakimbizi wengi hawakurudi. Walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia.

Nami nilicheza ngoma usiku wa Uhuru, mwaka 1961. Azimio la Arusha la 1967 nililiunga mkono kwa moyo. Mwaka 1974 tukaamriwa kuhamia kijiji kipya. Paa la nyumba yangu liliezuliwa mahindi yangali ghalani, na kaburi la baba likabaki porini. Waliofanya hivyo sitawataja. Tena nisiwe mwongo: kijijini tulipata shule, na wanangu walisoma humo. Lakini karani aliyeandika majina aliponiuliza, "Kwenu wapi, mzee?" nilikosa jibu. Nikamkumbuka yule bibi.

Baadaye nilifuata reli ya TAZARA, nikafanya biashara ndogo ya viazi Makambako, nikajenga. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Mwaka 2012 nikawa mtu wa Mkoa wa Njombe badala ya Iringa, bila kusogea hata hatua moja.

Wajukuu wangu wakiulizwa kwao, hujibu Makambako bila kusita. Nafurahi. Nawaomba jambo moja tu: wakimwuliza mgeni swali hilo, wampe kiti kwanza, kisha wasubiri jibu lake.